Nyani Wameunda Kamati ya Kulinda Mahindi

Najua mlikuwa mnangoja ile video ya isukuti niliyoahidi. Itakuja wikendi. Leo ni Desemba 10, 2025, Siku ya Haki za Kibinadamu, na tangu asubuhi simu yangu imejaa mabango ya wakubwa wa huku kwetu: rangi za bendera, watoto wakicheka, neno "utu" kwa herufi kubwa kubwa. Nimevumilia mpaka saa nane mchana. Nimeshindwa.

Wacha nianze na kukhu yangu.

Kukhu ana shamba Shinyalu, pale msitu wa Kakamega unapoishia na mahindi yanapoanzia. Kila msimu ni vita kati yake na nyani. Na hajawahi kuniambia nyani ni wajinga. Anasema wana akili na wana umoja: mmoja anapanda juu ya mti kuangalia njia, wengine wanaingia shambani, na ukitokea na jiwe mkononi yule wa juu anapiga kelele, wote wanapotea. "Nyani wanashirikiana kuliko watu wa hiki kijiji," huwa anasema, na hacheki.

Sasa fikiria hao nyani wamekaa kikao. Wamechagua mwenyekiti na katibu, wameandika katiba, wameunda Kamati ya Kulinda Mahindi. Wanakuja kwa kukhu na barua yenye muhuri, wanamwambia mama, wewe lala, sisi tuko kazini.

Hivyo ndivyo serikali zetu zinavyoshirikiana kuhusu haki za kibinadamu.

Kabla mniite mtu wa matusi, twende kwa tarehe. Tarehe hazina matusi.

Oktoba 9, 2024, Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya kuchagua nchi za kuingia Baraza la Haki za Kibinadamu, lile la Geneva lenye wanachama 47. Azimio lililounda hilo baraza mwaka 2006 linasema mwanachama anatakiwa ashike viwango vya juu kabisa vya haki. Afrika ilikuwa na viti vitano vya kujazwa. Walioomba walikuwa wangapi? Watano. Kenya, Ethiopia, Kongo, Gambia na Benin. Yaani mtihani wa watu watano, na nafasi ni tano. Kenya ikapita. Hapo hata miezi minne haikuwa imeisha tangu Juni 25, siku vijana walipigwa risasi nje ya Bunge wakiwa wamebeba bendera na chupa za maji.

Siku tisa baada ya hiyo kura, Oktoba 18, watu saba wenye asili ya Uturuki walibebwa Nairobi. Wanne wao walikuwa wakimbizi wanaotambuliwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Wakarudishwa Uturuki. Wizara yetu ya mambo ya nje ikatoa taarifa ikikubali: Uturuki iliomba, na Uturuki imetuhakikishia watatendewa kwa heshima. Ati serikali wanayoikimbia ndiyo imeahidi watakuwa sawa, na sisi tukasema poa.

Novemba 16, 2024, daktari Kizza Besigye, aliyegombea urais wa Uganda mara nne, alikuwa Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua. Akapotea. Siku nne baadaye akaonekana Kampala, ndani ya mahakama ya jeshi. Raia, mahakama ya jeshi.

Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikatuambia visa vya Wakenya kutekwa tangu Juni vimefika 82.

Januari 1, 2025, Kenya ikakalia kiti chake Geneva rasmi. Januari 12, Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania anayeikosoa serikali ya kwao na anayeishi huku uhamishoni, akabebwa na watu wenye silaha mchana kweupe Nairobi. Kelele zilipigwa mitandaoni, akaachiliwa usiku huo. Siku ya kumi na mbili ya muhula wa Kenya kama mlinzi wa haki za dunia. Hata kiti hakijapata joto.

Kuhusu Besigye, mwanzoni Nairobi ilisema haihusiki. Halafu Mei 2025 Musalia Mudavadi, waziri wa mambo ya nje, mtu wetu wa huku Magharibi, akasema kwenye runinga kwamba Kenya ilishirikiana na Uganda kwa hilo jambo. Shikeni hapo: kushirikiana. Wamekuwa wakituambia Afrika Mashariki haiwezi kushirikiana. Mizigo inakwama Malaba, mayai na mahindi yanapigwa marufuku mara huku mara kule. Lakini ukitaka kumvusha mtu mpaka kimyakimya, bila hakimu, bila karatasi, bila wakili, ushirikiano unafanya kazi kama saa mpya.

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu inaniuma mimi, kijana wa Kakamega anayeishi kwa kutengeneza video.

Wale wamenifuata kitambo wanakumbuka video moja ya jamaa wa rolex huku Lurambi. Si saa ya mkono, ni ile chapati ya Waganda inaviringwa na mayai. Jamaa ni wa kutoka ng'ambo ya mpaka, ana mdomo kuliko mimi, na kwenye ile video alikuwa akigeuza chapati huku akichambua siasa za kwao, wasee mkacheka mpaka mkaisambaza. Ilikuwa mojawapo ya video zangu bora.

Julai 2024, wanachama 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, walikamatwa Kisumu. Kisumu hapa, ukitoka stejini Kakamega hata saa mbili hazifiki. Walikuja kwa mafunzo. Wakavushwa mpaka, wakafikishwa mahakamani Kampala kwa makosa ya ugaidi. Kesho yake jamaa wa rolex akanishika mkono nikipita, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile video unaweza kuifuta?

Mnajua nilimjibu nini? Nilicheka. Nilimwambia, "Buda, hii ni Kenya. Huku tuko na katiba."

Hakucheka. Alisema tu, "Nyinyi mna katiba. Mimi nina nini?"

Niliifuta Novemba, baada ya Besigye. Nilimpigia simu nikamwambia nimeitoa, akasema asante, akakata. Siku hizi ukipita kwake anakuuzia chapati, anakurudishia chenji, anakutakia siku njema. Siasa hakuna. Hakuna mtu alimpiga wala kumkamata. Alisoma habari tu, akajinyamazisha mwenyewe. Na hiyo ndiyo sehemu haiwezi kuhesabiwa na tume yoyote. Kwa kila mmoja anayebebwa, kuna mamia wanafuta.

Kile kiburi changu cha "hii ni Kenya" ndicho nataka tukizike leo, kwa sababu wengi wenu bado mnacho. Tumelelewa tukiamini Nairobi ndiyo mahali watu hukimbilia. Waganda walikimbilia huku wakati wa Amin, Wasudani wakati wa vita vyao, Wasomali, Wanyarwanda, Wakongo. Ni kweli na ni jambo la kujivunia. Lakini sambamba na huo mlango wa mbele, kumekuwa na mlango wa nyuma siku zote.

Februari 1999, kiongozi wa Wakurdi, Abdullah Öcalan, alichukuliwa Nairobi akapelekwa Uturuki. Mwaka 2007, watu wengi waliokimbia vita Somalia walikamatwa Kenya na kusafirishwa kwa ndege usiku hadi Somalia na Ethiopia, na maofisa wa Marekani walikuwa miongoni mwa waliowahoji huko, kwa hivyo msifikirie huu ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Januari 2017, Wasudan Kusini wawili, wakili Dong Samuel Luak na mwanasiasa Aggrey Idri, walipotea Nairobi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa baadaye wakasema kuna uwezekano mkubwa sana kwamba waliuawa kwao. Juni 2021, Nnamdi Kanu wa Nigeria naye. Juni mwaka huu Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema alivyochukuliwa ilikuwa kinyume cha katiba na ikaamuru alipwe shilingi milioni 10. Karatasi ya hukumu iko Nairobi. Kanu yuko gerezani Nigeria.

Na hili soko ni la zamani kuliko sisi. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, Hezekiah Ochuka alikimbilia Tanzania. Mwaka 1983 Tanzania ikamrudisha kwa Moi, na Kenya ikawarudisha Watanzania waliotuhumiwa kutaka kumpindua Nyerere. Ochuka alinyongwa Kamiti 1987. Sisemi alikuwa malaika. Nasema hata Mwalimu, ambaye sote tunamheshimu, alipobanwa alikubali kubadilishana watu kama mifugo ya soko la Lubao. Kama Nyerere aliteleza, unadhani hawa wa sasa watasimama wima kwa nguvu ya bango la Desemba 10?

Huku kwetu Khayega na Malinya tunapenda kupiganisha mafahali, na methali inatuambia mafahali wawili hawakai zizi moja. Uongo. Mafahali wetu wanakaa zizi moja vizuri kabisa, linaitwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanaokanyagwa ni nyasi.

Mei mwaka huu Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walienda Dar es Salaam kuhudhuria kesi ya Tundu Lissu. Martha Karua na Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu, walizuiwa kuingia nchini. Mwangi na Atuhaire wakakamatwa, na walipotokea tena siku kadhaa baadaye, mmoja ametupwa Kwale na mwingine mpakani Mutukula, walieleza mateso ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yangu anasoma hii akaunti. Rais Samia alikuwa ameshasema wazi kwamba wanaharakati wa nje hawataruhusiwa kuja kuvuruga kwake. Na Rais wetu? Mei 28, kwenye hafla ya maombi ya kitaifa, aliwaomba Watanzania msamaha kama tumewakosea. Mwenye kuumia ni Mkenya, na anayeombwa msamaha ni jirani.

Oktoba 1, Bob Njagi na Nicholas Oyoo wakabebwa Kampala, walikokuwa wameenda kuunga mkono kampeni ya Bobi Wine. Uganda ikasema haiwajui. Siku 38. Halafu wakaachiliwa hapo Busia, na Museveni mwenyewe akasema kwenye runinga kwamba walikuwa wamewekwa kwa friji kwa siku kadhaa. Friji! Kama nyama ya Krismasi. Na maofisa wetu wakafanya nini? Wakashukuru.

Katikati ya hizo siku 38 kulikuwa na uchaguzi wa Tanzania, Oktoba 29. Intaneti ikazimwa, risasi zikalia, familia zikatafuta watu wao kwa vyumba vya maiti. Waangalizi wa Umoja wa Afrika wenyewe, watu ambao kwa kawaida husifu hata uchaguzi wa nyumba kumi, walisema haukufikia viwango. Novemba 3 Samia akaapishwa Dodoma, na Kenya ikamtuma Naibu Rais, Kithure Kindiki. Mwanachama wa Baraza la Haki za Kibinadamu, ameketi jukwaani, anapiga makofi.

Ona kitu kimoja. Mwangi akivuka mpaka kwenda kukaa kimya mahakamani, hiyo inaitwa kuingilia mambo ya ndani. Watu wasiojulikana wakivuka mpaka na Besigye ndani ya gari, huo unaitwa ushirikiano. Serikali hazina mipaka. Mipaka ni yetu sisi.

Sasa najua komenti zinakuja. Ya kwanza: "Si tuko na mahakama Arusha?"

Tuko nazo, tena mbili. Hebu tuzifungue.

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Novemba 30, 1999. Ibara ya 6 inasema nchi zote zitaheshimu haki za kibinadamu. Maneno matamu. Ukifika ibara ya 27 unakuta mamlaka ya mahakama ya Jumuiya juu ya haki za kibinadamu yataamuliwa baadaye. Baadaye. Miaka 26 imepita. Kuna watoto walizaliwa mwaka huo, wamemaliza chuo, wanatafuta kazi, na "baadaye" haijafika. Nyani wameandika kwenye katiba kwamba mahindi ni matakatifu, halafu wakasema suala la nani atamshtaki nyani litajadiliwa kikao kijacho.

Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ili mtu wa kawaida au shirika liweze kupeleka kesi moja kwa moja, nchi inayoshtakiwa lazima iwe imeweka tamko la kuruhusu. Rwanda ilikuwa imeweka, ikaliondoa 2016. Tanzania, ambayo ndiyo mwenyeji, ambayo jengo liko kwenye ardhi yake, ikaondoa lake 2019. Na Kenya? Kenya hatujawahi kuweka kabisa. Uganda pia. Yaani tumeingia kwa chama, tumelipa kiingilio, tumepiga picha mlangoni, na tumewafungia watu wetu nje.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema hazijafanya kitu. Novemba 16, 2005, watu wenye silaha walizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili washtakiwa wenza wa Besigye waliopewa dhamana wasitoke. Ndiyo, tarehe ileile aliyobebwa Nairobi miaka 19 baadaye. Kesi ikafika Arusha, na 2007 majaji wa Jumuiya wakasema: sawa, hatujapewa mamlaka ya haki za kibinadamu, lakini hatutaacha kutafsiri mkataba eti kwa sababu neno "haki" limetajwa. Wakaamua Uganda imevunja utawala wa sheria. Na 2017 Waogiek wa Mau waliishinda serikali ya Kenya kwenye ile mahakama ya Afrika, kwa sababu Tume ya Afrika iliwapelekea kesi, na 2022 wakaamuliwa walipwe fidia. Mwangi na Atuhaire nao wamefungua kesi Arusha Julai mwaka huu. Kwa hivyo sisemi tuchome hizo nyumba. Nasema mlango wa mwananchi umefungwa kutoka ndani, na wenye ufunguo ni walewale tunaotaka kuwashtaki.

Komenti ya pili, na hii ni nzito: "Hakuna nchi safi. Ukingoja wasafi, nani atabaki kuzungumzia haki?"

Kweli kabisa. Na sitaki usafi. Angalia Gambia. Miaka 22 ya Yahya Jammeh, watu wakipotea, waandishi wakiuawa. Aliondoka Januari 2017. Novemba 2019 hiyo nchi ndogo, yenye vidonda bado vibichi, ikaipeleka Myanmar mahakamani The Hague kwa niaba ya Warohingya. Haikungoja iwe safi. Ilisimama kwa ajili ya watu ambao haiwajui, bila faida ya barabara wala mkopo.

Na angalia upande wa pili. Mwaka 1975 viongozi wa Afrika walikutana Kampala na wakamkabidhi Idi Amin uenyekiti wa umoja wao, huku maiti zikielea mtoni. Nyerere alikataa kwenda. Wengine walienda, wakala, wakapiga picha. Leo nani anakumbuka hotuba zao kuhusu utu wa Mwafrika?

Kwa hivyo kipimo changu si kwamba mikono yako ni misafi. Kipimo ni kimoja: umewahi kumtetea mtu ambaye rafiki yako anamchukia? Uganda iliwahi kupandisha sauti kuhusu Lissu? Tanzania kuhusu Besigye? Kenya kuhusu yeyote? Kumtetea mtu aliyeonewa na adui yako ni siasa. Hata nyani hupiga kelele akiona chui. Lakini kama haujawahi kumwambia rafiki yako "mwachilie huyo", basi ushirikiano wako wa haki ni kulindana. Huyu anafunga macho Kampala ili yule afunge Nairobi. Na ndiyo maana Geneva wanapokaa kukaguana, kila nchi inapigiwa pole na wale ambao zamu yao inakuja.

Mwezi ujao Uganda wanapiga kura, Januari 15. Nilikuwa nimepanga nivuke hapo Busia, nifike Jinja, nirekodi video ya wikendi moja tu. Chakula, muziki, mto Nile, sio hata siasa. Nikamwambia mama. Aliweka sufuria chini. Akaniuliza swali moja: "Ukishikwa huko, nani atakudai?"

Nikaanza kuhesabu kwa kichwa. Ubalozi? Wizara? Wao ndio wanashukuru mtu akirudishwa. Geneva? Viongozi wa Jumuiya? Nikakosa jibu. Sijaenda. Safari ya matatu mbili kupitia Mumias, kwenda kwa watu ambao ni ndugu zetu kabisa, Wasamia wa Busia wako pande zote mbili za mpaka, wanaoana, wanazikana, na mimi naogopa kama naenda mwezini. Hapo ndipo nilimwelewa jamaa wa rolex. Miezi kumi na saba baadaye, na katiba yangu mkononi.

Kwa hivyo haya ndiyo nadai, na ni mambo madogo, sio ndoto.

Moja: mtu yeyote anayetakiwa na nchi nyingine apelekwe mbele ya hakimu wa Kenya kwanza. Sheria za kumrudisha mshukiwa kwao tunazo tayari, zina utaratibu. Anayemvusha mtu bila hakimu ni mtekaji nyara, hata kama ana kitambulisho cha serikali.

Mbili: Kenya iweke lile tamko la Mahakama ya Afrika. Ni karatasi moja. Kama uko Geneva kwa ajili ya viwango vya juu, wacha mtu wa Lurambi naye akufikishe Arusha.

Tatu: ile "baadaye" ya ibara ya 27 ipewe tarehe. Mbunge akija Bukhungu au Muliro Gardens kuomba kura 2027, badala ya kumwomba jezi muulize hilo. Pia wale wabunge wetu wa Arusha, ambao wengi hatujui hata majina yao, waulizwe.

Na ya nne ni yetu, haihitaji mbunge. Tuache kuchekana. Mei ile Wakenya na Watanzania tulitukanana mitandaoni wiki nzima, nani ana adabu, nani anajua Kiswahili, nani mwoga. Nilikuwa mmoja wao, nilipata hadi wafuasi wapya. Wakati tunatukanana, wakubwa wetu walikuwa wanapigiana simu. Miezi mitano baadaye, intaneti ya Tanzania ilipozimwa, waliosambaza majina na picha ili dunia ijue walikuwa vijana wa pande zote, Wakenya, Waganda, na Watanzania walio nje. Maria Sarungi aliachiliwa baada ya saa chache kwa sababu watu walipiga kelele kabla gari halijafika mbali. Njagi na Oyoo, kwa siku 38 kuna watu hawakuacha kutaja majina yao hata siku moja. Sisi ndio tunadaiana. Jibu la swali la mama ni hilo, ingawa bado ni jibu dogo, na mama hajalikubali.

Nilienda kwa jamaa wa rolex jana jioni. Nilimwomba msamaha kwa kile kicheko cha mwaka jana. Sikumwomba turekodi tena, hiyo sio haki yangu kuomba. Alinipa chapati, akakataa pesa, halafu akasema, "Siku nikipotea, wewe andika." Sikuwa na mzaha wowote wa kumjibu. Nilisema nitaandika.

Kukhu ana mbinu moja ya nyani ambayo haijawahi kumfelisha. Kila boma kando ya msitu lina debe kuukuu limening'inizwa kwa mti. Ukiona nyani, hata kama wako kwa shamba la jirani, hata kama wewe na huyo jirani hamsalimiani, unagonga. Anayefuata akisikia, anagonga. Mpaka msitu mzima unalia. Nyani hawaogopi mtu mmoja mwenye jiwe. Wanaogopa wakisikia debe linajibiwa na debe.

Leo nyani wako kwa shamba la jirani.

Gonga.